Dripu ni ileile, wodi ni ileile: kwa nini saratani ya ovari ya mmoja husikia dawa na ya mwenzake haisikii?

Darubini (mleta mada)

Wana jukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika maabara ya patholojia ya hospitali moja ya rufaa, mahali ambapo vinyama vinavyotolewa kwenye chumba cha upasuaji huletwa vikiwa ndani ya fomalini, nasi huvigandisha ndani ya nta, huvikata vipande vyembamba, huvipaka rangi na kuviweka chini ya darubini. Simtibu mtu, na kwa kawaida sikutani na wenye vinyama hivyo. Mwaka juzi nilikutana nao, kwa sababu mama yangu mkubwa alilazwa kwa saratani ya ovari, na kitanda cha pili yake kilikuwa na mama mwingine wa rika lake, mwenye saratani ya ovari pia, iliyofika hatua ya tatu kama yake, aliyepangiwa dawa zilezile za kemo, kaboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki 3, mara 6. Nywele ziliwanyonyoka pamoja, uji waligawana, na dripu ya mwisho waliimaliza wiki moja. Leo mama mkubwa anapalilia mchicha wake. Yule mwenzake, maji yalirudi tumboni mwezi wa nne baada ya dripu ya mwisho.

Kilichonisukuma kuandika ni maneno niliyoyasikia nilipokwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Wifi yake alisema ni kwa sababu hakuacha nyama. Jirani akasema alikata tamaa mapema, na ugonjwa hupenda waliokata tamaa. Mwingine akanong'ona kuhusu imani. Kila mmoja alimpenda, na kila mmoja kwa namna yake alimtwisha lawama. Ninataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya seli za uvimbe wenyewe, na kwamba mara nyingi ilikuwemo kabla chupa ya kwanza haijaning'inizwa.

Nianze na jina. "Saratani ya ovari" ni jina la mahali ugonjwa ulipoonekana, na ndani yake yamejificha magonjwa kadhaa. Wengi tunakumbuka enzi ambapo kila homa iliitwa malaria. Mwenye taifodi akapewa klorokwini, kisha watu wakashangaa mbona haisikii dawa. Ovari nayo ina hadithi kama hiyo. Aina inayoongoza kati ya zile zinazotokana na seli za utando, takribani asilimia 70, ni karsinoma ya serosi ya daraja la juu (daraja ni kiasi seli zinavyoonekana kuharibika chini ya darubini, tofauti na hatua ya kusambaa), na jambo la kushangaza ni kwamba nyingi kati ya hizi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, ndipo zikahamia kwenye ovari. Aina hii hukua kwa kasi, na mara ya kwanza husikia dawa vizuri. Ipo ya serosi ya daraja la chini, ambayo licha ya jina kufanana ni ugonjwa mwingine kabisa: hukua taratibu, huwapata wanawake wenye umri mdogo zaidi, na kemo huigusa kidogo tu. Ipo ya seli angavu, ambayo mara nyingi huambatana na endometriosisi, yaani utando wa mji wa mimba kuota nje ya mahali pake, na ambayo kemo ya kawaida huishinda kwa nadra ikiwa imeshasambaa. Ipo ya ute, ambayo nayo ni kaidi, tena mara kwa mara tukiichunguza vizuri tunagundua kuwa ni mgeni aliyetoka kwenye utumbo au tumbo la chakula akajibanza ovarini. Na upande mwingine kabisa upo uvimbe wa seli za mayai, unaowapata zaidi wasichana, ambao hutibiwa kwa bleomisini, etoposidi na sisplatini, na ambao wengi wao hupona kabisa hata ukiwa umesambaa. Ukiwaweka wagonjwa hao wote kwenye wodi moja na kuwaita kwa jina moja, lazima utaona maajabu.

Hata hivyo, mama mkubwa na mwenzake wote wawili walikuwa na serosi ya daraja la juu. Nilivitazama vipande vyao mwenyewe. Kwa macho, walifanana kama mapacha. Kwa hiyo aina peke yake haikutosha kueleza, na hapo ndipo ilinibidi nirudi kwenye swali la dawa inafanya nini hasa ikishaingia mwilini.

Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, walipitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria kwa kutumia elektrodi za platinamu. Bakteria wakawa warefu kama nyuzi, lakini hawagawanyiki. Ilichukua muda kubaini kwamba umeme haukuhusika, bali chembe za platinamu zilizoyeyuka kutoka kwenye elektrodi ndizo zilizowazuia kugawanyika. Kutoka kwenye bahati hiyo ikapatikana sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, na baadaye mdogo wake kaboplatini, ambaye ni mpole zaidi kwa figo. Platinamu hiyo hujishikiza kwenye vinasaba (DNA) na kuzifunga nyuzi zake. Fikirieni zipu ambayo mtu ameishonea uzi katikati: seli haiwezi kugawanyika bila kuifungua zipu ile, ikijaribu inakwama, na ikikwama mara nyingi inakufa. Isipokuwa kama ndani ya seli yupo fundi hodari wa kukata ule uzi na kuirekebisha zipu bila kuichana.

Swali lenyewe basi limekuwa hili: uvimbe huu una fundi, au hauna?

Mafundi wanaofahamika zaidi ni protini zinazotengenezwa na jeni za BRCA1 na BRCA2. Mwanamke aliyerithi BRCA yenye kasoro ana nakala moja tu nzima katika kila seli, na seli ikiipoteza hiyo moja iliyobaki, haina tena fundi wa kurekebisha mikatiko mikubwa ya vinasaba kwa usahihi. Makosa hulundikana, na saratani huzaliwa. Lakini upungufu uleule ulioileta saratani ndio unaoimaliza ikikutana na platinamu, kwa sababu zipu ikishonwa hakuna wa kuishonoa. Ndiyo maana wanawake wengi wenye kasoro ya BRCA, ambayo watu huitaja kwa hofu kama laana ya ukoo, husikia kemo kuliko wenzao wasio nayo. Nilipolielewa jambo hili nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Mwaka 2011 mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulichapisha uchambuzi wa vivimbe 489 vya serosi ya daraja la juu. Jeni ya TP53, mlinzi wa lango la mgawanyiko wa seli, ilikuwa imeharibika katika asilimia 96. Katika hilo, karibu wote walikuwa sawa. Walikotofautiana ni kwenye ufundi: takribani nusu ya vivimbe vilikuwa na dosari mahali fulani katika mfumo huo wa ukarabati, ama kwa BRCA ya kurithi, ama kwa BRCA iliyoharibika ndani ya uvimbe tu, ama kwa jeni nzima kabisa iliyozimwa kwa alama za kikemia. Nusu nyingine ilikuwa na mafundi wake kazini. Na katika takribani uvimbe mmoja kati ya kila vitano, jeni iitwayo CCNE1 ilikuwa imejirudufu, nakala juu ya nakala, ikiisukuma seli igawanyike. Vivimbe vya kundi hili la mwisho kwa kawaida vina BRCA nzima, na ni miongoni mwa vinavyojulikana kwa kutosikia platinamu tangu mwanzo.

Mama mkubwa alikuja kupimwa damu. Ana kasoro ya BRCA1. Mwenzake hakupimwa, kwa hiyo sitamsemea, ila mnaweza kuona kwamba nyama ya wifi haimo popote katika hesabu hii.

Karibuni kwa michango.

Mzee wa Kahawa

Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nimejifunza. Hata hivyo, mbona umeruka jambo ambalo kila mtu mtaani analijua? Dawa zinazoletwa kwetu ni za bei rahisi. Tajiri akienda kutibiwa nje anapona, maskini akibaki hapa harudi. Jeni gani hizo zinazotambua pasipoti?

Darubini

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki na silikwepi. Ubora wa dawa ni jambo la kufuatiliwa na mamlaka, na mgonjwa ana haki ya kuuliza dawa imetoka wapi na imehifadhiwaje. Lakini tazama mfano wangu: wanawake wawili, dawa ya shehena moja, iliyochanganywa na mfamasia mmoja, asubuhi moja. Dawa ingekuwa hafifu, wote wawili wangeumia. Tena tofauti hii ninayoieleza imepimwa katika hospitali tajiri kuliko zote duniani, na huko pia wapo wanaosikia dawa na wasioisikia. Wengi wenye ugonjwa uliosambaa huitikia kemo ya kwanza, na wengi wao hao hao ugonjwa huwarudia baadaye. Pasipoti humsaidia mtu kufika mapema, kupata daktari bingwa wa upasuaji na kupata vipimo. Hayo ni makubwa. Ila ukarabati wa vinasaba hauyajui.

Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi kwenye wodi za kina mama kwa zaidi ya miaka 30, na ninamuunga mkono Darubini, lakini ninamkumbusha kwamba yeye anaona kinyama tu. Sisi tulimwona mgonjwa mzima. Kuna mambo matatu ambayo hayamo ndani ya darubini.

Kwanza ni upasuaji. Tangu mwaka 1975, Griffiths alipoonyesha kwamba mabaki ya uvimbe yakizidi ukubwa fulani mgonjwa haishi muda mrefu, madaktari bingwa wamekuwa wakijitahidi wasiache kitu kinachoonekana kwa macho. Uvimbe mkubwa ulioachwa ndani una katikati isiyopata damu ya kutosha, na dawa husafiri kwa damu. Pale damu isipofika, dawa nayo haifiki. Wapo pia wenye maji mengi tumboni, ambamo seli huelea zikiwa zimekumbatiana kama vitonge, na vitonge hivyo hukwepa dawa vizuri zaidi kuliko seli iliyo peke yake. Kwa hiyo nikiambiwa wagonjwa wawili walikuwa "hatua ya tatu", jambo la kwanza ninalouliza ni nani aliwapasua na kiliachwa kiasi gani.

Pili ni dozi. Paklitakseli hukadiriwa kwa eneo la mwili, lakini kaboplatini hukadiriwa kwa figo, kwa kanuni iliyochapishwa na Calvert na wenzake mwaka 1989: unachukua kasi ya figo kuchuja damu, unaongeza 25, kisha unazidisha kwa kiwango unacholenga, ambacho mara nyingi ni 5 au 6. Kanuni ni nzuri, lakini kasi hiyo huwa tunaikadiria kutokana na kreatinini, taka ya damuni inayochujwa na figo, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Mama aliyekonda sana ana kreatinini ndogo, hesabu inasema figo zake ni za msichana, anapewa dozi kubwa, damu inashuka, dripu ya pili inaahirishwa mara mbili. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Tatu ni kuchelewa. Dripu ya wiki 3 ikawa ya wiki 6 kwa sababu nauli haikupatikana, au dawa iliisha stoo, au chembe nyeupe za damu hazijapanda. Kwenye karatasi ameandikiwa mizunguko 6 sawa na mwenzake. Kwenye mwili wake haikuwa sawa. Kabla hatujaisingizia jeni, tuitazame kadi ya mahudhurio.

Kuhusu mitishamba: sisemi msitumie, ninasema mseme. Paklitakseli huvunjwavunjwa na ini, na kitu chochote kinacholichochea au kulilemaza ini kinaweza kubadilisha kiasi cha dawa kinachobaki kwenye damu. Daktari hawezi kukisia kilichomo kwenye chupa ya soda uliyoificha chini ya mto.

Darubini

Shikamoo mama. Nimekubali marekebisho, na ningekuwa na uwezo ningeuweka mchango wako juu ya wangu. Ninaongeza moja tu linalounganisha vinyama vyangu na mabaki yako ya upasuaji. Mwaka 1979 Goldie na Coldman walitoa hoja ya kihesabu kwamba seli sugu hutokea kwa bahati mbaya katika mgawanyiko wa kawaida, hata kabla dawa haijaonwa. Kadiri seli zinavyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa kuwemo hata moja iliyo sugu unavyokaribia uhakika. Kumwachia mgonjwa uvimbe mkubwa ni kumwachia tikiti nyingi za bahati nasibu asiyotaka kushinda.

BintiMakorora

Nawasalimu wote. Ninafuatilia uzi huu nikiwa na dada yangu chumba cha pili amelala. Alimaliza dripu 6 mwezi wa tisa mwaka jana. Kipimo cha CA-125, kile cha damu cha kufuatilia uvimbe, kilikuwa zaidi ya 900 kikashuka hadi 14, tukachinja mbuzi. Sasa kimepanda tena hadi 120, na daktari amesema tutaanza upya lakini huenda dawa zikabadilishwa. Maswali yangu ni mawili. Kama uvimbe haukuwa na fundi mara ya kwanza na dawa ikausambaratisha, huyu fundi ametoka wapi sasa? Na je, kuna namna tungeweza kujua mapema? Ripoti yake ya kinyama imeandikwa mstari mmoja tu: saratani ya ovari.

Darubini

Dada yangu, pole sana, na umpe pole mgonjwa.

Swali lako la kwanza lilijibiwa kwa namna ambayo hadi leo hunisisimua. Mwaka 2008 makundi mawili, moja la Taniguchi huko Seattle na jingine la Ashworth huko London, yalichapisha kwa wakati mmoja kwamba seli zenye BRCA2 iliyoharibika, zikiandamwa na dawa, zinaweza kupata kosa la pili kwenye jeni hiyohiyo, na kosa la pili likalisahihisha la kwanza. Chukua sentensi ambayo herufi moja imefutwa hadi maneno yote yakavurugika. Ukifuta nyingine mbili jirani, mpangilio unarudi, sentensi inasomeka, ingawa ina pengo. Protini inapatikana tena, na fundi anarudi kazini. Hakuna aliyeipangia seli ifanye hivyo. Seli mabilioni hukosea ovyo, dawa huua zote ambazo kosa lao halikuzisaidia, na ile moja ambayo kosa lake limeiponya ndiyo inayobaki kuzaa.

Mwaka 2015 kundi la Australia lililoongozwa na Bowtell lilisoma vinasaba vyote vya vivimbe vya wanawake 92 wenye serosi ya daraja la juu, baadhi wakiwa wa kemo iliyofanya kazi na wengine wa iliyoshindwa. Walikuta njia nyingi za kutorokea. Kwa baadhi, BRCA ilikuwa imerekebishwa hivyo, na kwa mgonjwa mmoja ilirekebishwa zaidi ya mara moja, kwa njia tofauti, katika sehemu tofauti za mwili wake. Kwa wengine, BRCA1 iliyokuwa imezimwa kwa alama za kikemia ilikuwa imewashwa tena. Kwa wengine, jeni iitwayo ABCB1 ilikuwa imebebeshwa swichi ya jeni nyingine yenye nguvu. Kazi yake ni kutengeneza pampu kwenye ukuta wa seli, na pampu hiyo huitapika paklitakseli nje kila inapoingia. Wapo pia ambao usugu wao ulikuwepo tangu mwanzo, kwa ile CCNE1 niliyoitaja. Kwa hiyo hata tukisema wanawake kumi "ugonjwa umerudi", inawezekana umerudi kwa njia kumi.

Kuhusu kubadilisha dawa, daktari wenu anapima muda uliopita tangu platinamu ya mwisho. Kwa desturi, ukirudi kabla ya miezi 6 unaitwa sugu, na ukirudi baada ya hapo hurejewa platinamu kwa matumaini makubwa zaidi kadiri muda ulivyokuwa mrefu. Mpaka huo wa miezi 6 umewekwa na watu kwa ajili ya kurahisisha utafiti. Seli haina kalenda, na aliyerudiwa na ugonjwa mwezi wa tano na wiki tatu hana tofauti ya ajabu na wa mwezi wa sita na siku mbili. Mwulizeni daktari anauweka wapi ugonjwa wa dada, na kwa sababu gani.

Swali la pili: ndiyo, kwa kiasi. CA-125 wengi huitazama kama alama ya mtihani, imefaulu au imefeli, ilhali kasi ya kushuka kwake katika siku 100 za mwanzo za kemo hubeba habari nyingi zaidi. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, wametengeneza hesabu inayotumia vipimo visivyopungua vitatu katika kipindi hicho kukadiria jinsi uvimbe unavyoisikia platinamu. Kwa dada muda huo umepita, lakini wengine wanaosoma hapa waombe kipimo kila mzunguko, wasisubiri cha mwanzo na cha mwisho tu.

Na hiyo ripoti ya mstari mmoja sikubaliani nayo hata kidogo. Ninasema hivi nikiwa mtu wa maabara, na ninajua wenzangu wengine watanuna. Ripoti isiyotaja aina wala daraja haimsaidii daktari kuchagua dawa ya pili. Kinyama cha dada hakijatupwa. Kimehifadhiwa ndani ya kipande cha nta, na nta hiyo inaweza kukatwa upya, kupakwa rangi za kingamwili, zinazosaidia kutambua aina ya uvimbe, na kusomwa na mtaalamu mwingine. Mwombe daktari aandike barua, kisha nenda maabara iliyokisoma ukiwa na namba ya kinyama, siyo namba ya faili tu.

Kijana wa Likoni

Nimesoma mahali kwamba huko Japani kina mama hupewa paklitakseli kila wiki badala ya kila wiki tatu na wanaishi muda mrefu zaidi. Kwa nini sisi tusifuate hivyo? Ni suala la gharama?

Darubini

Swali zuri mno, kwa sababu linatutoa kwenye uvimbe na kutupeleka kwenye mwili unaoubeba.

Utafiti huo wa Japani ulichapishwa mwaka 2009. Wanawake waliopewa paklitakseli kila wiki walikaa kwa wastani wa kati miezi 28 bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya miezi 17.2 kwa waliopewa kila wiki tatu. Tofauti kubwa kiasi hicho si ya kupuuzwa, na madaktari wa nchi nyingi walitamani kuifuata. Kisha ukafanyika utafiti wa Uingereza na washirika wake uitwao ICON8, ukiwa na wanawake 1,566, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kundi la kawaida lilipata miezi 17.7, na makundi mawili ya kila wiki yalipata takribani miezi 21. Kitakwimu hiyo haikuhesabiwa kuwa faida. Dawa moja, ratiba inayofanana, na faida imetoweka njiani kati ya Tokyo na London.

Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba jeni zinazoamua jinsi ini linavyoivunja paklitakseli hazigawanyiki sawa kati ya watu wa Japani na wa Ulaya, na kwamba mchanganyiko wa aina za uvimbe nao haufanani, kwani ya seli angavu ni ya kawaida zaidi Japani. Sasa jiulize swali langu: mwanamke wa Likoni au wa Makorora amo katika utafiti upi kati ya hiyo miwili? Hamo katika wowote. Kwa hiyo gharama siyo kikwazo pekee. Tunaazima nguo iliyopimwa mwili wa mwingine, na wakati mwingine inatutosha kwa bahati.

Nesi Mstaafu

Na kinga ya mwili je? Niliwahi kuona wagonjwa wenye uvimbe mbaya kwenye picha, wakaishi kuliko wote.

Darubini

Hilo nalo limo, na kwa mara ya kwanza linaonekana chini ya darubini yangu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichunguza vivimbe 186 vilivyofika hatua za mbali. Ambao seli T, askari wa kinga, zilikuwa zimepenya hadi ndani ya visiwa vya saratani, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka 5. Ambao hazikupenya, asilimia 4.5. Kwa maneno mengine, kemo haipigani peke yake. Seli inayokufa kwa dawa huacha alama, na pale askari wapo karibu, kazi humaliziwa na wao.

Niongeze la matibabu, kwa kuwa watu wamenitumia ujumbe wa faragha kuuliza. Udhaifu wa ukarabati umekuwa shabaha: vidonge vya kundi la olaparibu huzuia fundi mwingine, PARP, ili seli ambayo tayari haina BRCA ibaki bila msaada wowote. Katika utafiti wa SOLO1 uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 391 wenye kasoro ya BRCA walioitikia platinamu walifuatiliwa. Baada ya miaka 3, asilimia 60 ya waliotumia kidonge hawakuwa wamerudiwa, dhidi ya asilimia 27 ya waliopewa kidonge bandia. Ni ghali, na kwa wengi wetu bado ni jina la kusoma tu. Lakini kipimo cha BRCA kina faida hata pasipo kidonge, kwani matokeo yake yanawahusu pia mabinti na dada wa mgonjwa.

Mzee wa Kahawa

Basi nimeelewa. Nilikuwa na shemeji yangu, Mungu amrehemu, tulimkataza mayai mwaka mzima.

BintiMakorora

Narudi kutoa mrejesho. Nilikwenda na barua. Dirisha la kwanza walisema vinyama vya mwaka jana havipo. Nikatoa namba ya kinyama kama ulivyonielekeza, kijana mmoja akaingia ndani, akakaa karibu saa nzima. Kimepatikana, kiko kwenye sanduku la mwezi wa tatu, vipande viwili vya nta. Wamekubali kukikata upya na kukipeleka kwa mtaalamu wa pili. Mtaalamu huyo ameshakitazama kile cha zamani kwa haraka na amesema anadhani ni serosi ya daraja la chini, lakini hataandika mpaka rangi za kingamwili zitoke. Je, hii ndiyo ile uliyosema kemo huigusa kidogo?

Darubini

Ndiyo, ndiyo hiyo, ingawa kushuka kwa CA-125 hadi 14 kunanipa wasiwasi kidogo na dhana hiyo, kwa sababu ya daraja la chini haishuki hivyo mara nyingi, isipokuwa kama upasuaji ndio uliofanya kazi kubwa. Muulize daktari kipimo kilikuwa ngapi baada ya upasuaji na kabla ya dripu ya kwanza. Ikithibitika ni ya daraja la chini, mazungumzo ya dawa yanabadilika kabisa: kuna vidonge vya homoni, na kuna dawa zinazolenga njia ya KRAS na BRAF, jeni zinazoisukuma seli ikue, ambayo huharibika mara nyingi katika aina hii. Msianze dripu mpya kabla daktari hajaiona ripoti hiyo, isipokuwa yeye mwenyewe aseme hali haisubiri.

BintiMakorora

Nimeipata kadi. Baada ya upasuaji, kabla ya dripu ya kwanza, ilikuwa 31. Nimewapigia, rangi zinatoka Alhamisi.